Mwongozo Kamili wa Kusema Uovu Unapotendeka, kwa Mtu wa Imani Mwenye Hofu

Mimi ni mzee wa kanisa katika kijiji kimoja cha milima ya Rungwe, Tanzania, na nimeuandika mwongozo huu kwa sababu wanaonijia kuomba ushauri wanashindwa mahali pale pale. Ni wanakwaya, wakulima wa chai, walimu, na mara nyingine jirani zetu Waislamu wa Tukuyu. Wote wameona jambo baya: fedha ya kikundi inaliwa, mbolea ya ruzuku inachukuliwa kwa majina ya watu ambao hawakuiona, au kiongozi anadai chochote kabla ya kugonga muhuri.

Baadhi yao wameomba miezi sita ili hofu iondoke, hofu haikuondoka, na fedha zikaisha. Wengine walipandwa na hasira siku ya mkutano wakasimama bila karatasi mkononi, wakaulizwa swali moja tu, "Una ushahidi gani?", wakaketi, na juma lililofuata wakatakiwa kuomba radhi mbele ya watu.

Wa aina zote mbili wana imani ya kweli. Kinachowaangusha ni kukosa utaratibu. Hatua zilizo hapa chini zinategemeana, kwa hiyo nakusihi usiruke hata moja, isipokuwa katika hali ya dharura ninayoieleza hapa chini, au pale nitakapokuambia uiruke.

## Soma hili kwanza: mtoto au uhai ukiwa hatarini

Ikiwa unachokijua kinahusu mtoto anayebakwa, anayepigwa vibaya au anayekaribia kuozeshwa, weka mwongozo huu pembeni. Piga simu namba 116, ambayo ni ya bure, au nenda kituo cha polisi uulize Dawati la Jinsia na Watoto. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa kila mwanajamii mwenye taarifa za mtoto anayevunjiwa haki wajibu wa kuzifikisha kwa serikali ya eneo lake.

Aliyebakwa afikishwe hospitali mapema kadiri inavyowezekana, na isizidi saa 72, kwa sababu dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi hazina kazi baada ya hapo. Asiogeshwe kabla ya kupimwa, na nguo zake zisifuliwe.

Usikubali kikao cha wazee cha kulipana ng'ombe. Nimesikia Mathayo 18 ikisomwa katika vikao vya namna hiyo, ati ndugu aendewe kwanza faraghani. Maneno yale yanamhusu ndugu aliyekukosea wewe. Hayakuandikwa ili mtoto aketishwe meza moja na mtu aliyemdhuru.

## Vitu vya kuwa navyo

Tafuta daftari jipya lenye jalada gumu ambalo halitatumika kwa kazi nyingine, na kalamu ya wino. Uwe na Biblia au Kurani yako mwenyewe, kwa sababu utahitaji kuweka alama. Pata nakala ya katiba ya kikundi, ya chama cha ushirika au ya kanisa, kulingana na jambo lenyewe. Kama hujawahi kuiona, kuiomba ni haki yako ukiwa mwanachama. Simu yenye kamera itakusaidia kupiga picha za risiti na mbao za matangazo.

Ongeza nauli ya kwenda wilayani mara mbili, kwa maana safari ya kwanza mara nyingi humkosa ofisini yule unayemtafuta. Mwisho, tenga siku 21. Muda huo unatosha jambo la kawaida la fedha za kikundi, na una mwisho unaojulikana, jambo ambalo utaona umuhimu wake katika hatua ya pili.

## Hatua ya 1: Andika ulichokiona kwa macho yako

Gawa ukurasa katika safu tatu: nilichokiona, nilichoambiwa, na ninachodhani. Andika tarehe, mahali, kiasi, na waliokuwepo. Kila sentensi iwekwe katika safu yake, na ukiwa na shaka, iweke upande wa kudhani.

Sababu ni kwamba hofu nyingi hutokana na kutokuwa na hakika. Mtu anayejua kwamba nusu ya maneno yake ni ya kusikia hutetemeka kwa haki kabisa, kwa maana dhamiri inamwonya. Kutoka 23:1 inakataza kuvumisha habari za uongo, na aya ya 6 ya Surat Al-Hujurat inaamuru habari ichunguzwe kwanza, ili watu wasidhuriwe kwa kutojua na mtoa habari akabaki na majuto.

Hapa nitaeleza jambo lililonipata. Tulikuwa tunapandisha kuta za jengo la kanisa, na daftari la vifaa lilionyesha mifuko 60 ya saruji. Asubuhi moja ya mwezi wa saba, ukungu ukiwa bado umekaa juu ya migomba, niliingia stoo na tochi nikahesabu mifuko iliyopangwa juu ya mbao: safu sita, kila safu mifuko saba. Ilikuwa 42. Nilirudia mara tatu, vidole vikiwa vyeupe kwa vumbi, na moyo ukinidunda kana kwamba mwizi ni mimi.

Pale pale nilitaka kwenda kupiga kelele kwamba mifuko 18 imeibwa. Badala yake niliandika, kisha nikaanza kuuliza, na siku ya nne nikaonyeshwa karatasi yenye sahihi: mifuko 10 ilikuwa imeazimwa na kanisa jirani kwa makubaliano halali. Iliyopotea ilikuwa minane. Kama ningesimama na kusema 18, karatasi ile ingetolewa mfukoni mbele ya washarika wote, na ile minane isingeulizwa tena na mtu yeyote.

Umefaulu hatua hii ukiweza kuisoma safu ya kwanza kwa sauti, ukijifikiria kwamba mtuhumiwa ameketi mbele yako, na usitamani kubadilisha hata neno.

## Hatua ya 2: Omba kwa tarehe, na omba vitu vinavyotajika

Wengi wanakwama hapa, na mimi nilikwama hapa kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukumbuka. Tunaomba, "Bwana, niondolee hofu," kisha tunangoja. Kila asubuhi tunajipima kama hofu imeondoka, tunakuta ipo, na tunahitimisha kwamba Mungu bado hajatutuma.

Mwangalie Esta. Sheria ilisema anayeingia kwa mfalme bila kuitwa auawe. Aliwaomba Wayahudi wa Shushani wafunge pamoja naye siku tatu, akasema kwamba baada ya hapo ataingia, na kama ni kuangamia, aangamie. Siku ya tatu akavaa mavazi yake ya kimalkia akaenda. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba hofu yake ilikwisha. Kilichokwisha ni siku tatu.

Katika Surat Twaha, Musa anaomba kifua chake kikunjuliwe, fundo la ulimi wake lifunguliwe, na ndugu yake Haruni awe msaidizi wake. Anapewa yote. Hata hivyo, aya chache mbele, yeye na Haruni wanasema waziwazi kwamba wanamwogopa Farao. Jibu wanalopewa ni kwamba Mwenyezi Mungu yu pamoja nao, anasikia na anaona; kisha wanaamriwa waende. Biblia nayo, katika Kutoka 4, inamwonyesha Musa yule yule akilalamika kwamba ulimi wake ni mzito, na akipewa Haruni.

Kwa hiyo fanya hivi. Chagua siku tatu au saba, na andika katika daftari tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Katika siku hizo omba vitu vitatu ambavyo utaweza kuona kama umepewa: maneno ya kusema, mwenzi wa kwenda naye, na mlango wa kuingilia, yaani siku na mahali panapofaa. Tarehe ya mwisho ikifika, inuka uende hatua ya tatu hata kama tumbo bado linakuuma.

Katika siku hizo hizo ujichunguze bila kujionea huruma. Je, nakitaka cheo chake? Je, kuna ugomvi wa mpaka wa shamba kati yetu? Kama aliyefanya hivi angekuwa mdogo wangu wa tumbo moja, ningesema? Aya ya 135 ya Surat An-Nisaa inataka ushahidi wa haki hata juu ya nafsi yako, wazazi na jamaa, na ni swali hilo la jamaa linalofichua zaidi. Ukigundua una kisa naye, haimaanishi unyamaze, kwa maana mifuko minane imepotea vilevile. Maana yake ni kwamba msemaji awe mwenzako, na wewe ubaki shahidi.

Onyo: maombi yasiyo na tarehe hugeuka kuwa maficho, na watu watakusifu kwa uvumilivu huku unajua moyoni kwamba umejificha.

## Hatua ya 3: Pata mtu mmoja

Kumbukumbu la Torati 19:15 inataka neno lithibitike kwa mashahidi wawili au watatu. Kuna faida nyingine ambayo utaiona mwenyewe: hofu ikishasemwa mbele ya mtu mmoja anayesikiliza, usiku huo unalala.

Asiwe adui wa mtuhumiwa, asiwe anayedaiwa na wewe, na awe mtu ambaye umewahi kumpa neno dogo la siri likakaa. Mwonyeshe daftari na umwombe jambo gumu: akukosoe. Asipokuwa na swali hata moja, bado hujapata mtu.

Huku kwetu kuna jambo la heshima ambalo wageni hawalielewi. Kwa desturi ya Kinyakyusa mke hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake, na familia nyingi bado zinaishika desturi hiyo. Dada mmoja alinijia akilia kwa sababu aliyeuza shamba la yatima alikuwa mkwe wake. Tulitafuta mzee wa rika la mkwe, mwenye kula naye, akaenda kwa niaba yake na karatasi mkononi. Kwa Wahehe na Wabena pia, kijana anayemhoji mzee peke yake huonekana amekosa adabu kabla hajasikilizwa. Kutuma mshenga si woga. Hiyo ndiyo njia ya neno kufika likiwa zima.

## Hatua ya 4: Yajibu mapema maneno ya kukunyamazisha

Maneno haya yatasemwa, tena na watu unaowapenda. Ukiyasikia kwa mara ya kwanza ukiwa umesimama, yatakuketisha.

"Usimguse mpakwa mafuta." Soma 1 Samweli 24. Ni kweli kwamba Daudi alikataa kumdhuru Sauli kwa sababu hiyo hiyo. Lakini mara Sauli alipotoka pangoni, Daudi alimfuata, akainama hadi chini, akamwita baba, kisha akainua kipande cha vazi la Sauli alichokikata akamwambia kwamba anamwinda mtu asiye na kosa. Alikuwa na heshima, ushahidi mkononi na sauti ya kusikika. Mkono wake ulizuiwa. Kinywa chake hakikuzuiwa.

"Usihukumu." Mathayo 7 inaendelea: toa boriti katika jicho lako, ndipo utaona vema kukitoa kibanzi katika jicho la ndugu yako. Kibanzi bado kinatakiwa kutolewa, na boriti umeishughulikia katika hatua ya pili.

"Utalichafua kanisa", au msikiti, au kijiji. Jibu kwa upole kwamba uchafu umo ndani ya stoo tayari, na unaomba ufagiliwe na wenye nyumba kabla majirani hawajauona.

Kuna hofu moja ambayo watu hunitajia mlango ukiwa umefungwa, nayo ni kurogwa. Sitaidharau, kwa sababu nimewaona watu wazima, wasomi, wakinyamaza kwa ajili yake peke yake. Itaje kwa jina mbele ya mwenzi wako, ombeni juu yake, na usiende kwa mganga kutafuta kinga. Ukienda, siku ya mkutano habari itakuwa mganga wako, wala haitakuwa saruji.

## Hatua ya 5: Mwendee mhusika, kama ni salama

Hapa ndipo Mathayo 18 inapofaa kwa mambo ya fedha na uongozi. Nenda na mwenzi wako, mchana, nyumbani kwake au mahali tulivu, wala usimvizie sokoni au msibani. Musa na Haruni waliamriwa kusema na Farao kwa maneno laini, na mweka hazina wa kijiji si Farao.

Tuliposhika njia kwenda kwa mtunza stoo wetu, mwenzangu alisema sala fupi chini ya mwembe, kisha tukabisha hodi. Nilisema hivi: "Shikamoo, baba. Tumekuja kwa heshima. Daftari linasema mifuko 60, mimi nilihesabu 42, na kumi tumeiona ilipo. Tunaomba utusaidie kuielewa minane iliyobaki." Kisha nikanyamaza. Ukimya huo ni mgumu kuliko maneno, lakini usiujaze. Mwache mtu aufikirie.

Mpe siku maalumu ya kujibu, kama saba, na uandike. Jioni hiyo hiyo ukiletewa mkungu wa ndizi au gunia la viazi, rudisha kwa shukrani, mwenzi wako akishuhudia.

Ruka hatua hii ikiwa mhusika amewahi kutishia au kupiga watu, ikiwa anaweza kuchoma vitabu usiku huo, au ikiwa jambo lenyewe ni rushwa ya ofisini. Kumwonya mla rushwa ni kumpa muda wa kujipanga.

## Hatua ya 6: Lifikishe penye mamlaka

Siku saba zikipita bila jibu la kweli, andika barua ya ukurasa mmoja yenye safu ya kwanza tu ya daftari lako. Toa nakala mbili, moja uikabidhi, na yako irudi na sahihi, tarehe na muhuri wa kupokelewa. Bila muhuri huo, barua yako itakuwa haijawahi kuandikwa.

Mambo ya kijiji yana mahali pake: mkutano mkuu wa kijiji, ambao wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi ni wajumbe wake, na ambao kisheria hufanyika angalau mara moja kila miezi mitatu. Mwombe mtendaji wa kijiji aweke mapato na matumizi katika ajenda kabla ya siku ya mkutano. Mkutano usipoitwa, nenda kwa mtendaji wa kata, kisha kwa mkurugenzi wa halmashauri. Chama cha ushirika cha wakulima kina mrajis msaidizi ngazi ya mkoa. Rushwa hupelekwa TAKUKURU, taasisi ya kuzuia na kupambana na rushwa, ambayo ina ofisi wilayani na namba ya bure 113. Ya kanisa yaanzie baraza la wazee kabla ya kupanda jimboni au dayosisi, na ya msikiti yafuate ngazi za BAKWATA, yaani Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, kuanzia kata.

Tangu mwaka 2015 ipo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi. Inamlinda anayetoa taarifa kwa nia njema kwa mamlaka husika, na hapo ndipo watu wengi hujipotezea ulinzi: wanatupa madai katika kundi la WhatsApp, wakiamini kwamba kusikika na wengi ni usalama. Kundi la WhatsApp si mamlaka, na Sheria ya Makosa ya Mtandao, ambayo nayo ni ya 2015, inafanya kusambaza kwa makusudi taarifa za uongo kuwa kosa. Tarakimu moja ikikosewa, unaweza kujikuta mshtakiwa ni wewe.

Ukipewa nafasi mkutanoni, simama karibu na kiti ili mkono upate pa kushika. Soma, usihutubie. Dakika tatu zinatosha: nilichokiona, nilivyokwenda kuuliza, ninachoomba. Malizia kwa ombi linaloweza kutekelezwa, kwa mfano, "Naomba mkutano uchague watu watatu wahesabu vifaa na watuletee taarifa," kisha uketi. Mwenzi wako asimame mara moja baada yako, hata kama ni kusema tu, "Nami niliona." Sauti ikitetemeka, iache itetemeke, waliokusikiliza wataikumbuka tarakimu.

Umefaulu ikiwa ombi lako limeandikwa katika muhtasari. Usitazamie kupigiwa makofi.

## Hatua ya 7: Baki

Majuma yanayofuata ni magumu kuliko siku yenyewe. Kuna atakayepita njia nyingine asikusalimie, na kuna mama atakayeacha kununua maziwa kwako. Mwambie mke au mume wako mapema ili asishangae, na ikiwa utatishiwa, andika tarehe na maneno yenyewe, kisha utoe taarifa polisi.

Usiache kwaya wala safu yako msikitini. Ukiondoka, itasemwa ulikuwa na lako jambo. Msalimie uliyemsema, mtaje kwa heshima, na akifiwa uwe wa kwanza kupeleka kuni. Nasema hivi nikijua ugumu wake: mtunza stoo wetu alikiri mifuko mitano, mitatu haikujulikana hadi leo, akairudisha ile mitano kwa awamu, na ilikuwa miezi miwili kabla hajaupokea mkono wangu mlangoni mwa kanisa.

Weka katika daftari tarehe ya mkutano ujao na uulize ombi lako limefikia wapi. Watu watatu waliochaguliwa kwetu walianza kusoma vifaa kwa sauti kila robo mwaka, kipengele kwa kipengele. Katika usomaji wa tatu, mama mmoja anayekaa daima benchi la nyuma, ambaye sikuwahi kumsikia akisema mkutanoni, alinyoosha mkono akauliza risiti ya misumari iko wapi. Ilitafutwa, ikapatikana, akaonyeshwa, akasema asante akaketi.